Kutu ya Buhongwa

Sehemu ya Kumi na Mbili

Tulimwacha Shamsa juu ya lundo la springi za malori, kwenye uwanja wa kiwanda cha Springi Nyanza pale Buhongwa. Spana ilikuwa mkononi, na nyuma yake sauti ilikuwa ikimwamuru ashuke.

Wengi mmeniandikia kwamba sauti ile ni ya Chenge. Mmekosea. Chenge hajawahi kumwamuru mtu ashuke kutoka mahali pa hatari.

Alikuwa ni mama wa makamo, koti la bluu la kazi, kofia ya plastiki kichwani. Jina lake Paskazia, injinia, na ndiye meneja wa kiwanda.

Kwa wale mliofungia vitumbua gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, nitasema mara moja tu. Marehemu Nurudin, muuza spea wa Mabatini, aliacha vitu viwili: duka alilopanga, na hisa za Springi Nyanza. Warithi ni watatu: mjane wake Bi Mwaija, binti yake Shamsa, na mdogo wake Muhidin, ambaye ndiye anayeuza dukani. Mwenye jengo, Mzee Yeremia, anaiuza fremu yenye duka. Ama wainunue wao, ama watoke.

Pesa hawana. Ila Bwana Chenge anazitaka hizo hisa zote. Sokoni hisa moja ni shilingi mia na arobaini, yeye anatoa mia na sitini. Wakiuza, duka linabaki. Wasipouza, duka linakwenda. Saini zinatakiwa leo alasiri.

Na Shamsa, ambaye kazi yake ni kukagua maombi ya mikopo kwenye chama cha akiba pale mjini, alisoma taarifa ya kampuni usiku kucha akaona jambo lisiloeleweka. Kampuni haina deni. Ina kiwanja kikubwa kando ya barabara ya Shinyanga. Inatengeneza faida kila mwaka, ndogo lakini ya kweli. Kwa nini basi inauzwa kwa bei ya karanga? Taarifa ilitoa sababu moja tu: uwanja mzima umejaa chuma kilichooza.

Ndiyo maana akapita penye tundu la ukuta kwenda kukiona hicho chuma.

"Shuka," alisema Paskazia. "Ukivunjika mguu hapo mimi ndiye nitakayeandika maelezo."

Shamsa akashuka. Baibui lilikuwa limegeuka rangi ya udongo mwekundu kuanzia magotini. Akaamkia shikamoo, akajibiwa marahaba ya kiofisi. Akajieleza kwamba ni mwenye hisa. Paskazia akamwambia kwamba wenye hisa hupitia getini, na huwa wanapewa soda.

Shamsa hakutaka soda. Alitaka kujua ile takataka ilikuwa pale tangu lini.

"Takataka ipi?"

Akamwonyesha lundo. Lilikuwa limepanda kupita paa la ofisi, jekundu lote kwa kutu.

"Hizi ni za mwezi wa tatu," alisema Paskazia. "Hizi ni springi mpya."

Hapo Shamsa akaligeukia lundo upya. Na mimi nilipofika sentensi hii niliweka kalamu chini nikaenda kunywa maji.

Maelezo yenyewe yalikuwa haya. Zamani kidogo ziliingia mjini springi za bandia, zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, mtu anaweza kujitazama meno. Zikawa zinakatika barabarani na mzigo juu. Tangu hapo mwenye lori wa huku kwetu akiona springi inang'aa anairudisha. Anasema ni mbichi. Anataka iliyopigwa na mvua, ikapata kutu, ikaonekana imekomaa.

Kiwanda kikapambana na wateja kwa miaka miwili, kikashindwa. Kikaacha kupaka rangi. Sasa springi ikitoka kwenye tanuru inatupwa uwanjani, inanyeshewa masika yote, ndipo inapelekwa dukani. Na kwa kuwa zinaibwa, wameajiri mlinzi.

"Mnalipa mtu alinde kutu," alisema Shamsa.

"Na likizo anapata."

"Na wewe ni injinia."

"Mimi ni injinia," alikubali Paskazia. "Lakini mteja hajasoma nilichosoma mimi, na pesa anazo yeye."

Shamsa akauliza kuhusu taarifa ya mwaka. Paskazia akasimulia bila kubadilisha sauti. Alikuja mkaguzi kutoka mbali, viatu vyeupe. Akauliza hizi ni nini, akaambiwa springi. Akasema zimeoza, akaambiwa zinakomaa. Akamtazama Paskazia kwa muda, akaandika zimeoza. Lundo zima likaingia kwenye vitabu kama chuma cha kuyeyusha, na bei ya hisa ikaporomoka wiki ile ile.

"Kwa nini hamkupinga?"

"Tungeandika nini? Ndugu wawekezaji, tunasubiri kutu?"

 Jibu la hilo sidhani kama wewe unalo.

Kisha Paskazia akamuuliza ni mtoto wa nani, na aliposikia jina la Nurudin wa Mabatini akacheka puani. Akamwambia kwamba yale maneno ya springi mbichi hayakushuka kutoka mbinguni. Yalianzia kwenye kaunta ya baba yake. Nurudin alikuwa na springi kuukuu tupu, zilizotoka kwenye magari yaliyokufa, na wateja walikuwa wanamkimbia kufuata mpya. Siku moja zile za bandia zilipokatika, akawaambia wateja wake kwamba springi ni kama ndizi, mbichi haifai. Walicheka. Kisha wakaamini. Kisha mji mzima ukaamini.

"Kiwanda kilikaribia kufungwa," alisema Paskazia. "Akaja hapa mwenyewe, akasimama pale getini, kofia mkononi. Wiki iliyofuata akaanza kununua hisa. Alinunua mpaka anakufa. Nadhani aliona aibu."

Shamsa alikuwa amezoea kufikiri kwamba baba yake alinunua hisa zile kwa kudanganywa na wakala.  Alimpenda sana baba yake siku ile, pengine kuliko siku aliyokuwa hai, kwa sababu alipokuwa hai alikuwa mbishi.

Akauliza swali la mwisho. Je, zote ni nzima?

"Zote," alisema Paskazia haraka. Kisha akaongeza kwamba Shamsa ni mtu wa pili kupanda lile lundo mwezi huu. Wa kwanza alikuwa mwanamume, alikuja Jumapili wakati ofisi imefungwa. Mlinzi alimwacha kwa sababu alikuwa na nyundo na alijua kuitumia. Akadhani ni fundi.

Shamsa hakulitilia maanani. Alikuwa anatazama saa.

Aliomba jani moja la springi, yaani kipande kimoja bapa cha chuma, lile fupi lililokuwa juu kabisa ya lundo, alilokuwa ameligonga kwa spana. Kwa watu wa spea hicho ndicho kipimo. Springi yenye ufa ukiigonga inatoa sauti ya sufuria iliyotoboka. Nzima inalia, na mlio unakaa. Ile aliyoigonga Shamsa ililia kama kengele ya shule. Alikuwa anainama kugonga nyingine ndipo alipoamrishwa kushuka.

Paskazia akampa lile jani. Na kabla ya kuagana akamwambia jambo moja zaidi. Kuna mtu anakusanya hisa za kampuni kidogo kidogo. Akipata za Nurudin atakuwa na sauti kuliko wote, na anachotaka ni kile kiwanja tu. Kiwanda kitafungwa.

"Tuko watu mia na kitu hapa," alisema Paskazia. "Pamoja na mlinzi wa kutu."

Sasa Shamsa angeweza kurudi Mabatini moja kwa moja, na mtu mwingine angerudi. Lakini huyu ni mtu aliyezoea kumnyima mkopo mtu mwenye suti mpya. Lilibaki jambo moja. Mjini kila mtu anasema daraja jipya la ziwani limeua biashara ya springi. Zamani malori yalikuwa yakibamiza yakipanda na kushuka kivuko pale Kigongo, springi zinakatika, wauzaji wanakula. Sasa lori linapita juu ya maji kama bwana harusi. Springi zikiwa nzima na hakuna anayezihitaji, lundo ni lundo tu.

Pikapu ya kiwanda ilikuwa inapeleka mzigo Misungwi. Dereva akamfikisha hadi Kigongo.

Penye kivuko pamepoa. Wale akina mama waliokuwa wanauza samaki wa kukaanga kwa wasafiri wa foleni wamehamia juu barabarani, na meza zao wamehama nazo. Kwenye mojawapo alimkuta dereva wa lori, mtu mnene mwenye upole, anakula sato kwa utulivu. Kila mtu pale alimwita Ngosha, kwa hiyo na mimi nitamwita hivyo.

Shamsa akamsalimu, akamuuliza kuhusu springi. Ngosha akalitazama jani lenye kutu alilolibeba ndani ya kanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hiyo imekomaa," alisema.

Akamweleza kwamba zamani gari lake lilikuwa linakatika springi, kweli, lakini lilikuwa linapumzika. Foleni ilikuwa inaweza kukulaza. Ukienda Sengerema na kurudi umemaliza siku mbili. Sasa anakwenda na kurudi, anakwenda tena na kurudi tena, na tajiri akiona hivyo anaongeza mzigo kidogo.

"Kidogo kiasi gani?" Shamsa aliuliza.

Ngosha akatazama ziwani. Lori lake lilikuwa limeegeshwa nyuma yake, limeinamia upande mmoja kama mtu aliyepigwa kibao.

"Wa kawaida," alisema.

"Na springi?"

"Dada, mwaka jana nilibadilisha mara mbili. Mwaka huu sijui hata nimebadilisha mara ngapi. Gari halipumziki."

Shamsa alitaka kumkumbatia. Hakumkumbatia, kwa sababu ya sato.

Alisogea pembeni akapiga hesabu upya kichwani. Tuseme kampuni inafungwa leo. Uza kiwanja kwa bei ya chini ya Buhongwa. Uza mashine kwa bei ya chuma. Uza lile lundo kwa nusu ya bei ya dukani. Gawanya kwa hisa zote. Kila hisa inarudi na zaidi ya shilingi mia nne. Hapo hujaweka biashara yenyewe, wala malori yasiyopumzika. Na Chenge anatoa mia na sitini.

Akampigia mama yake. Bi Mwaija ni mtu wa maneno machache, na simu huwa anaizungumza kama anayelipia kila neno.

"Mama, nimeigonga mwenyewe. Ni nzima. Kampuni ni nzima, na bei ni ya kutupa. Baba mdogo asisaini mpaka nifike."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mama."

"Haya," alisema Bi Mwaija, akakata.

Likumbukeni hilo haya. Shamsa yeye alilisahau hapo hapo, akaenda kutafuta usafiri.

Alipofika Mabatini adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Ndani ya duka la Nurudin, katikati ya fani belti na vioo vya pembeni vilivyotundikwa, Muhidin alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, miwani puani, kalamu mkononi. Mbele yake zilikuwa hati za kuhamisha hisa. Upande wa pili alikuwa Chenge, suti ya kijivu, mikono imekunjwa, mtulivu kabisa. Bi Mwaija hakuwapo.

"Shikamoo, baba mdogo. Naomba usisaini."

"Marahaba. Umetumbukia wapi?"

Shamsa akafungua kanga, akaliweka jani la springi juu ya kaunta, juu ya hati. Akaeleza yote: mvua, mkaguzi, foleni iliyokufa. Alieleza haraka na vizuri, na Muhidin alisikiliza kwa uso wa mtu anayeelezwa sinema. Alipomaliza, baba mdogo alivua miwani akamgeukia Chenge, akamuuliza anasemaje.

Chenge akatabasamu kwa huruma. Akasema binti amesoma, hongera, lakini kutu ni kutu. Yeye ananunua hizo hisa kwa sababu tu alimheshimu marehemu. Na huku akisema hivyo alilinyanyua lile jani kulisogeza kando ya hati zake.

Hapo ndipo alipokosea.

Alilishika katikati, kwa vidole viwili, likaning'inia. Kwa mkono wa pili akaligonga kwa ufunguo wa gari lake. Akaliinua hadi sikioni. Akasikiliza.

Mlio ulikaa.  Muhidin ameuza spea tangu hajaota ndevu, na kwenye kaunta ile ameona maelfu ya watu wakilishika jani la springi hivyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anafikiri ni takataka. Mtu hasikilizi takataka.

Muhidin akafunika kalamu.

"Bwana Chenge," alisema taratibu, "umesikia nini?"

Chenge akaliweka chini. Sifa yake moja, na nampa, ni kwamba hakupoteza muda kukana. Akavuta kiti, akakaa, akasema: "Mia mbili na hamsini."

Mnaona jinsi mambo yanavyobadilika. Mtu aliyekuwa ananunua kwa heshima ya marehemu sasa alikuwa ananunua kwa pesa.

Muhidin akamtazama Shamsa. Shamsa akatikisa kichwa. Akasema thamani yake ni zaidi ya mia nne, na inaweza kupanda.

"Sawa," alisema Chenge, bila hasira. "Basi mpelekeeni Mzee Yeremia hiyo thamani. Mwambieni hatuna pesa ila tuna thamani. Kesho mtoe hivi vitu nje."

Na hilo, wasomaji wangu, lilikuwa kweli. Nimejaribu kulipinga tangu juzi na sijaweza. Kitu kinaweza kuwa na thamani ya mia nne na usipate wa kukupa hata mia mbili siku unayoihitaji. Soko la hisa lingechukua muda kugundua kutu ya Buhongwa. Mzee Yeremia asingechukua muda wowote.

Muhidin alipangusa kaunta kwa kiganja, pale penye alama ya miaka yote ya kuweka vyuma.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mimi hisa sizijui. Nakuamini, lakini sizijui. Ninachojua ni hapa. Mtu lori likimharibikia Geita, Bariadi, popote, anaambiwa nenda Mabatini kwa Muhidin. Nikitoka hapa wataniulizia wapi?"

Shamsa akamtazama baba mdogo. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni siku ya kwanza ya shule, mvua inanyesha, asichafue soksi. Nusu ya hisa zote zilikuwa za Shamsa kwa mirathi. Saini yake ndiyo iliyotakiwa kuliko zote. Akisaini, duka linapona, na kiwanda alichokitetea baba yake kwa aibu yake kinakuwa viwanja. Asiposaini, yeye anabaki sahihi na baba mdogo anabaki barabarani.

Shamsa akaichukua kalamu.

Nataka mjue kwamba alikuwa anaelekea kusaini. Msimhukumu. Mikono yake ilikuwa na kutu, na karatasi ikaanza kuchafuka kabla ya wino kugusa.

"Iweke chini hiyo," ilisema sauti mlangoni.

Bi Mwaija aliingia, mtandio umefungwa vizuri, uso wa mtu aliyetoka kwenye shughuli. Akamsalimu Chenge kwa adabu. Akakaa kwenye boksi la vichujio vya oili, akapumua.

"Shemeji," alimwambia Muhidin, "dukani hutoki. Nimeshazungumza na Mzee Yeremia. Fremu ni yetu."

Muhidin akauliza kwa pesa zipi.

"Hakuna pesa. Tumebadilishana. Ameichukua nyumba yangu."

Kalamu ikamtoka Shamsa.

Nyumba ile ilikuwa kwa jina la Bi Mwaija peke yake. Marehemu alimjengea juu ya mawe, chumba kimoja kimoja, na Mzee Yeremia aliitamani siku nyingi kwa sababu ya upepo wake. Bi Mwaija hakuwa na kitu kingine duniani. Walikuwa wameandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa mchana ule, mashahidi wawili, mambo yamekwisha.

"Mama," Shamsa alisema, "kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Lini?"

"Ulipokuwa Kigongo. Nilikuuliza kama una uhakika." Bi Mwaija alimtazama kama anayeshangaa kuulizwa. "Ukasema unao. Baba yako alizinunua hizo hisa mpaka anakufa, na wewe umesema ni nzima. Sasa tuziuze kwa nini? Nitakaa kwako mpaka zipande. Ninakula kidogo."

Muhidin alifunika uso kwa mikono. Mabega yakawa yanatikisika, na haikujulikana mara moja kama ni kilio au ni kicheko. Ilikuwa ni kilio. Alisema shemeji, shemeji, na hakuweza kuendelea.

Na Shamsa? Angetakiwa kufurahi. Duka limebaki, hisa zimebaki, Chenge ameshindwa mbele ya mashahidi. Lakini hakufurahi. Hesabu zake, zilizokuwa tamu sana pale Kigongo kando ya sato wa Ngosha, sasa zilikuwa zimebeba paa la mama yake.

Chenge alisimama. Akakusanya hati zake moja moja, akazipangusa kutu, akaziweka kwenye begi. Hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. Hilo Shamsa aliliona, na hakulipenda.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Binti, pale juu ya lundo uligonga springi ngapi?"

Shamsa akalitazama jani. "Moja."

"Hii?"

"Hiyo."

Chenge akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu mwenye huruma.

"Mimi nilikaa pale Jumapili nzima," alisema. "Niligonga za juu. Nikafukua, nikagonga za katikati. Nikafika mpaka za chini kabisa. Ndiyo maana nilisimama kwenye mia mbili na hamsini, sikufika kwenye mia nne yako."

Akawatakia jioni njema, akaondoka. Gari lake lilisikika likiwaka, kisha halikusikika tena.

 Taratibu Muhidin akalichukua lile jani juu ya kaunta, akalining'iniza kwa vidole viwili, akaligonga kwa spana, akasikiliza. Lililia vizuri sana.

"Hii ni nzima," alisema.

 Kwenye duka lile, tangu siku za Nurudin, haijawahi kutoka springi hata moja ambayo haijagongwa. Mteja akinunua kumi, zinagongwa kumi. Shamsa alikulia chini ya kaunta ile akisikia milio hiyo, na siku aliyonunua lundo zima kwa nyumba ya mama yake aligonga moja.

Huenda Chenge alikuwa anadanganya. Ni mtu wa kudanganya. Lakini Paskazia alisema mlinzi alimwona mwanamume mwenye nyundo, siku ya Jumapili, na hilo Chenge hakulisikia kutoka kwa mtu yeyote dukani mle.

"Shamsa," aliuliza Bi Mwaija, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "hilo lundo ni kubwa kiasi gani?"

Shamsa akainua mkono kuonyesha. Akaufikisha juu ya kichwa chake, kisha juu zaidi, mpaka ukagusa fani belti zilizotundikwa darini, na bado haikutosha.

Nje kulikuwa na mtu anapiga hodi. Alikuwa Mzee Yeremia, amekuja kuchukua ufunguo wa nyumba.